Sura ya Saba: Sahihi Si Asili

Kwetu cherehani ilikaa ukumbini karibu na dirisha. Ilikuwa Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu, na maua hayo yalikuwa yamefutika pale tu mkono wa mama ulipopita kila siku. Chini palikuwa na kanyagio la chuma lenye jina la kampuni, nasi watoto tulikaa juu yake tukaligeuza gari. Nilikua nikiamini kwamba Singer ni cherehani na cherehani ni Singer, basi. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za watu wanaokusanya silaha za zamani za jeshi la Marekani, nilikutana na kampuni ileile mahali nisipopategemea. Alama yake ilikuwa imegongwa ubavuni mwa bastola.

Ilikuwa hivi. Mwezi Aprili 1940, Ulaya ikiwa tayari vitani na Marekani bado haijaingia, jeshi la Marekani liliipa Singer zabuni ndogo ya majaribio. Lilitaka kujua kama kiwanda cha cherehani cha Elizabeth, New Jersey, kingeweza kutengeneza bastola ya M1911A1. Bastola hiyo ilikuwa mtoto wa ile iliyobuniwa na John Moses Browning na kupokewa rasmi na jeshi tarehe 29 Machi 1911. Singer ilitengeneza bastola 500, zikapewa namba kuanzia S800001 hadi S800500, zikakaguliwa na kukubaliwa. Kisha wakubwa wa jeshi wakaamua kwamba mafundi wa namna hiyo wangefaa zaidi kutengeneza vyombo vya kuelekezea mizinga, kazi inayodai usahihi mkubwa kuliko bastola. Singer haikutengeneza bastola nyingine tena. Nyingi kati ya zile 500 zilikwenda kwa jeshi la anga, na vita vikazitawanya.

Mwaka 2017 moja ya bastola hizo iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa zaidi ya dola 400,000. Bastola ya muundo uleule kutoka Remington Rand, kampuni ya taipureta iliyotengeneza karibu laki tisa wakati wa vita, hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Zote mbili hupiga risasi ya aina moja, na kipuri cha moja huingia katika nyingine bila kulazimishwa. Uchache unaeleza sehemu ya tofauti hiyo ya bei. Sehemu iliyobaki inaelezwa na neno moja ambalo ndilo kiini cha sura hii: asili.

Viwanda vilivyobadili kazi

Mtu hudhani silaha za jeshi hutoka kiwanda cha silaha. Vita vya Pili vya Dunia vilivunja desturi hiyo. Oktoba 1941 jeshi la Marekani lilipokea karabini ya M1, bunduki fupi yenye uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Ilikusudiwa kwa afisa, dereva, mpiga mzinga na kila askari ambaye kazi yake haikumruhusu kubeba bunduki ndefu. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo Wajapani waliishambulia Pearl Harbor, na hesabu ya silaha zilizohitajika ikapanda kutoka maelfu hadi mamilioni.

Serikali ikabisha hodi kila mlango wenye mashine za kukata chuma. Underwood ya Hartford ilikuwa ikitengeneza taipureta. IBM ya Poughkeepsie ilikuwa ikitengeneza mashine za kuhesabu kwa kadi, kabla ya dunia kujua kompyuta. National Postal Meter ya Rochester ilitengeneza mashine za kugonga malipo ya posta kwenye bahasha. Rock-Ola ya Chicago iliishi kwa zile mashine za baa zinazopiga santuri ukitumbukiza sarafu. Saginaw ya Michigan ilitengeneza usukani wa magari. Inland ya Dayton, Ohio, tawi la General Motors, ndiyo iliyoongoza, ikatoa zaidi ya karabini milioni mbili na nusu peke yake. Rock-Ola ilitoa kama 228,000. Kufikia mwisho wa vita mwaka 1945 karabini zote pamoja zilikuwa zimepita milioni sita, na hakuna silaha nyingine ndogo ya Marekani ya vita vile iliyoifikia hesabu hiyo.

Ili mkondo huo usikatike, kiwanda kilichoishiwa vipuri kilipewa vya jirani. Komeo lililotengenezwa mji mmoja lingeweza kufungwa kwenye karabini ya mji mwingine siku ileile ilipotoka kiwandani. Jambo hili litatusumbua huko mbele, kwa hiyo tulikumbuke: karabini yenye vipuri vya makampuni matatu inaweza kuwa imezaliwa hivyo hasa.

Fundi wa Springfield

Bunduki kuu ya askari wa miguu ilikuwa nyingine, na ilikuwa na mtu nyuma yake. John Garand alizaliwa mwaka 1888 Saint-Rémi, Quebec, nchini Kanada. Alivuka mpaka na familia yake akiwa mtoto, akaanza maisha Marekani kwa kufagia sakafu ya kiwanda cha nguo, akajifunza mashine kwa macho na mikono mpaka akawa fundi kamili. Mwaka 1919 aliajiriwa na kiwanda cha silaha cha serikali, Springfield Armory, katika jimbo la Massachusetts. Hapo ndipo alipotumia miaka kumi na saba kutengeneza, kuvunja na kutengeneza tena bunduki moja.

Tatizo alilopewa linaeleweka kwa urahisi ingawa utatuzi wake ulikuwa mgumu. Askari wa wakati ule alifyatua risasi moja, akavuta komeo kwa mkono, akalirudisha, akalenga upya. Garand alitaka hewa moto ya baruti, ambayo vinginevyo hupotea mdomoni mwa mtutu, ifanye kazi hiyo ya mkono. Tarehe 9 Januari 1936 jeshi liliipokea bunduki yake kwa jina la M1, jina ambalo karabini nayo ingepewa baadaye. Ilibeba risasi nane katika kibanio kimoja cha chuma, na kila kifyatulio kilipovutwa ilijipakia yenyewe. Marekani iliingia vitani ikiwa na jeshi kubwa pekee lililowapa askari wake wa kawaida bunduki inayojipakia kama silaha ya msingi.

Garand aliikabidhi serikali haki zote za uvumbuzi wake. Pendekezo la kumpa zawadi ya dola 100,000 lilifika Bungeni likaanguka. Alistaafu mwaka 1953 na mshahara wake wa mtumishi wa umma, akafariki mwaka 1974. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1957, bunduki zake zilikuwa zimekaribia milioni tano na nusu, nyingi zikitoka Springfield kwenyewe, zaidi ya nusu milioni zikitoka Winchester ya New Haven wakati wa vita, na zilizobaki zikitoka viwanda viwili vilivyoingizwa wakati wa vita vya Korea. Kimoja kati ya hivyo viwili, International Harvester, ni kilekile kilichouza matrekta ya mashambani.

Kuisoma bunduki

Mkusanyaji mzuri ni msomaji. Akiishika M1 Garand haanzi kwa kulenga ukutani. Huigeuza polepole chini ya mwanga wa dirisha na kuanza kusoma.

Kwenye kisigino cha mwili wa bunduki, nyuma kidogo ya kilengeo, kuna jina la kiwanda na namba ya bunduki yenyewe. Namba hizo zilikwenda kwa mfuatano, kwa hiyo namba humpa mwezi wa kuzaliwa kwa makadirio. Akivuta fimbo ya komeo nyuma huona ubavu wa mtutu, ambako tarehe imegongwa kwa mwezi na mwaka: 3 43 ni Machi 1943. Mtutu ukitangulia mwili kwa mwezi mmoja au mitatu, moyo wake hutulia. Mtutu wa 1952 kwenye mwili wa 1943 humwambia kwamba bunduki hii iliwahi kuingia karakana.

Kisha huifungua. Komeo lina namba ya mchoro wake, nyundo ina yake, kibebeo cha kifyatulio kina yake, na kila mchoro uliporekebishwa tarakimu ya mwisho ilibadilika. Springfield iligonga SA, Winchester iligonga WRA. Akiwa na daftari la tarakimu hizo anaweza kusema kwamba nyundo hii ni ya mapema mno kwa bunduki hii, au kwamba fimbo ile ilitoka kiwandani mwaka mmoja baadaye.

Mwisho hurudi kwenye mbao, nazo ndizo zinazosema zaidi. Kitako cha mjozi kiligongwa muhuri wa kupokelewa ubavuni, wenye herufi za jina la afisa aliyeongoza kiwanda wakati huo, na kando yake alama ya mizinga miwili iliyopishana. Herufi EMcF ni za Earl McFarland, 1942 hadi 1943. GAW ni za George A. Woody, aliyemfuata. NFR ni za Norman F. Ramsey, aliyeshika kiwanda vita vilipokuwa vikielekea ukingoni, na ambaye mwanawe wa jina hilohilo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1989. Muhuri huo ni sahihi ya serikali juu ya mbao. Wino wake ni nguvu ya nyundo tu, na kwa hiyo hufa kwa msasa.

Kusoma namba kunaweza pia kuokoa uso wa mtu. Bunduki iliyotangulia Garand, Springfield ya mwaka 1903, ilitengenezwa kwanza kwa chuma kilichokadiriwa joto kwa jicho la fundi. Fundi alitazama wekundu wa chuma tanuruni, na wekundu huo huonekana tofauti siku ya jua kali na siku ya mawingu. Baadhi ya miili ilichomwa kupita kiasi ikawa rahisi kupasuka kama kioo. Jambo hili liligunduliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu hapo kila Springfield yenye namba chini ya 800,000 hutazamwa kwa tahadhari. Wakusanyaji huzithamini sana bunduki hizo, huzitunza, na wenye busara hawazifyatui.

Karakana iliyofuta historia

Swali la haki ni hili: kama zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa nini zenye asili kamili ni adimu?

Jibu ni kwamba jeshi lilizitunza vizuri mno. Vita vilipokwisha mwaka 1945, bunduki zilirudi kwa meli nzimanzima zikiwa na tope, chumvi ya bahari na mitutu iliyolika. Zikapelekwa kwenye karakana za jeshi. Fundi wa karakana hakuwa na haja na historia ya bunduki moja. Alikuwa na mapipa ya vipuri. Alizivunja bunduki zote, makomeo akayaweka pipa hili, nyundo pipa lile, mbao rundo lile kule. Kilichochakaa kilitupwa, kilichofaa kilichovywa upya katika dawa moto ya fosfeti inayokipa chuma ule ukijivu wa jeshi, kisha bunduki zikafungwa upya kwa kilichokuwa karibu na mkono. Namba ya mwili ilibaki ileile. Vilivyouzunguka vilikuwa vimeshatoka katika bunduki kumi nyingine.

Karakana ziliongeza pia marekebisho yaliyotokana na mafunzo ya vita. Vilengeo vya nyuma vyenye kikaza cha nje viliondolewa vikawekwa vya muundo mpya. Fimbo za komeo zilikatwa pembeni ili zisipasuke. Karabini zilivuliwa kitufe cha usalama cha kubonyeza, ambacho askari gizani alikichanganya na kitufe cha kutolea magazini, zikapewa cha kugeuza. Zikaongezewa kishikio cha singe ambacho hazikuzaliwa nacho. Kazi ilipokwisha, mbao ilipewa muhuri mpya wa karakana, na mara nyingi ule wa zamani ulikuwa umeshakwanguliwa.

Mfano mkali zaidi uko mwanzoni kabisa. Garand za kwanza, kama elfu hamsini hivi, zilikamata hewa ya baruti kwa kikombe kilichofungwa mdomoni mwa mtutu. Mwaka 1940 njia hiyo iliachwa, likatobolewa tundu dogo chini ya mtutu. Bunduki za awali zilirudishwa kubadilishwa karibu zote. Zilizoponyoka zikabaki na kikombe chao ni chache kiasi kwamba mkusanyaji anaweza kuishi maisha yake yote bila kuishika hata moja.

Kwa hiyo bunduki yenye asili kamili ni ile iliyokosa karakana. Labda afisa alikwenda nayo nyumbani. Labda ilikaa kwenye sanduku la ghala lililosahauliwa. Labda iliuzwa mapema kwa raia kupitia mpango wa serikali wa kulenga shabaha. Mpango huo ulianza mwaka 1903, na mwaka 1963 uliwauzia wanachama wa chama cha kitaifa cha wapiga shabaha karabini kwa dola 20 kila moja. Hapa pana jambo la kutafakari. Bunduki iliyo katika hali bora kuliko zote, yenye mbao isiyo na mkwaruzo na chuma chenye rangi kamili, mara nyingi ndiyo iliyopigana kidogo kuliko zote. Iliyobebwa ufukweni Normandy au kwenye theluji ya Korea ina makovu, kama haikuzama. Mkusanyaji wa hali bora anahifadhi ushahidi wa kiwanda: jinsi ilivyokuwa asubuhi ile mkaguzi alipoinua nyundo yake. Ushahidi wa vita uko kwingine, nao una thamani yake. Ni vyema mtu ajue anahifadhi upi.

Asili na sahihi

Sasa tumefika palipo na ubishi, na palipo na fedha.

Wakusanyaji wa Marekani hutofautisha maneno mawili. Bunduki ya asili ni ile ambayo vipuri vyake vimekuwa pamoja tangu ilipotoka kiwandani. Bunduki sahihi ni ile ambayo kila kipuri kina tarakimu inayofaa kwa mwezi wake, lakini aliyevikusanya ni mtu wa juzi. Alichukua bunduki iliyopita karakana, akanunua nyundo ya 1943, akabadilishana komeo, akatafuta kilengeo cha zamani, akavumilia miaka mitatu mpaka mbao yenye muhuri unaofaa ikapatikana. Kwa macho bunduki hizo mbili ni pacha. Akiuza huku akisema alichofanya, hana kosa. Amefanya kazi ya mikono na maarifa. Akinyamaza ameuza uongo, na akigonga muhuri mpya kwenye mbao ya zamani ameghushi.

Nashikilia kwamba sahihi si asili, na kwamba tofauti hiyo si majivuno ya matajiri. Bunduki ya asili inaweza kutufundisha kitu tusichokijua. Tukikuta humo nyundo ambayo vitabu vinasema ilikuja miezi miwili baadaye, huenda vitabu ndivyo vinavyohitaji kusahihishwa. Bunduki sahihi haiwezi kutufundisha chochote, kwa sababu ilijengwa kutoka vitabu hivyohivyo. Inaturudishia maneno yetu wenyewe. Kumbuka karabini zetu zilizozaliwa na vipuri vya makampuni matatu. Mtu mwenye nia njema anainunua, anaona komeo lina jina la kiwanda kingine, anadhani ni kosa, analing'oa na kuweka linalolingana. Anaamini ameitengeneza. Ukweli ni kwamba amefuta ushahidi wa jinsi viwanda vile vilivyosaidiana, na hakuna atakayeweza kuurudisha.

Watu wa pwani wanaielewa hoja hii bila kuelezwa sana. Angalia milango ya kuchongwa ya Unguja na Lamu. Mlango uliokaa na jua na chumvi ya upepo miaka mia moja una rangi yake, una mahali palipolainishwa na viganja, na makali ya patasi ya fundi bado yanaonekana ndani ya maua. Akija mtu akaupiga msasa na kuupaka vanishi ing'ae kama meza ya hotelini, wageni watausifia, lakini mjuzi atapita bila kusimama. Mkono wa fundi wa kwanza umeondolewa pamoja na vumbi la msasa.

Hivyo hivyo kwa bunduki, na dalili ni zilezile. Mbao iliyopigwa msasa huwa chini kidogo ya chuma inapokutana nacho, kwa sababu kiwandani iliachwa juu kidogo. Pembe kali zimekuwa mviringo. Muhuri umekuwa hafifu upande mmoja. Muhuri wa kughushi hujifichua vingine: nyuzi za mbao chini yake ni mbichi na nyeupe, na mafuta ya kitani ya miaka themanini hayajaingia kwenye jeraha hilo. Chuma kilichochovywa upya kina rangi moja kila mahali, hata pale ambapo mkono wa askari ungepasa kuwa umeifuta. Kila kitu kikiwa kamili mno, mjuzi huuliza maswali zaidi, kama mwalimu aliyeletewa insha isiyo na kosa na mwanafunzi anayemjua.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya utunzaji ni kujizuia. Futa vumbi kwa kitambaa laini, paka chuma mafuta mepesi, weka pakavu pasipo na joto la kupanda na kushuka, kisha ondoa mikono yako. Usipake vanishi. Usisugue rangi ya kijani iliyoachwa na grisi ya ghala. Hiyo nayo ni tarehe. Kutu inayokula chuma isimamishwe, lakini doa la zamani lililokwisha kufa liachwe lilipo. Andika kila unachojua kuhusu ilikotoka, aliyekuuzia na alichosema, uweke karatasi hiyo pamoja nayo. Bunduki ikishatengwa na maelezo yake imepoteza nusu ya asili yake hata kama hakuna aliyeigusa.

Sheria, na heshima kwa waliokufa

Ukusanyaji huu ni wa Marekani kwa sababu sheria za Marekani zinauruhusu, nazo zina mipaka. Bunduki zinazopiga mfululizo zimedhibitiwa kwa usajili tangu mwaka 1934, na tangu Mei 1986 hakuna mpya inayoweza kusajiliwa kwa raia. Mkusanyaji wa silaha zilizotimiza miaka 50 anaweza kuomba leseni maalumu ya serikali kuu, na leseni hiyo inamdai daftari la kila silaha inayoingia na inayotoka. Garand za ziada za jeshi, zikiwemo zilizorudi kutoka nchi kama Denmark na Ugiriki zilikokuwa zimekopeshwa, huuzwa kwa raia waliohakikiwa kupitia shirika lililoundwa kwa sheria ya Bunge. Springfield Armory yenyewe ilifungwa mwaka 1968, na leo ni makumbusho ya taifa ambayo mtu yeyote anaweza kuingia na kutazama.

Hapa kwetu mambo ni mengine, na yanapaswa kuwa mengine. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, na hakuna hata moja inayomruhusu mtu kuweka bunduki sebuleni kwa kuwa tu ni ya kale. Silaha za Marekani si ngeni katika pwani hii. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Sayyid Said na Marekani ulitaja wazi biashara ya bunduki na baruti, ukasema kwamba ndani ya kisiwa cha Unguja bidhaa hizo ziuzwe kwa serikali peke yake. Wafanyabiashara walioleta kitambaa cha merikani walitoka Salem, katika jimbo lilelile la Massachusetts lenye Springfield. Kwa hiyo si ajabu chuma cha kale kikakutwa darini kwa babu. Ukikikuta, usikijaribu, usikisugue, usikifiche. Toa taarifa polisi, na uombe wataalamu wa makumbusho wakione kabla hakijaharibiwa. Kitu hicho ni cha hatari, na huenda pia ni cha historia. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Na tusisahau bunduki ni ya nini. Zilitengenezwa ili ziue, na ziliua. Vijana waliozibeba, na vijana waliosimama mbele yake, wengi hawakurudi kwao. Mkusanyaji mwenye heshima halisahau hilo kila anapofungua kabati. Anayeitunza M1 ya asili anatunza pia kumbukumbu ya wanawake na wanaume waliosimama kwenye mashine usiku kucha Springfield na Dayton, na ya askari ambaye jina lake halikuandikwa popote juu ya bunduki aliyopewa. Anayeighushi anawadanganya wote hao kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana naliita jambo hilo kosa kubwa kuliko wizi wa bei.

Huna haja ya bunduki ili uanze kazi hii ya kusoma. Kama nyumbani kwenu imebaki cherehani ya Singer, nenda leo utazame kwenye bapa lake la chini, upande wa kulia. Utakuta namba imegongwa. Namba hiyo inaonyesha kiwanda na mwaka, iwe ni Elizabeth ya New Jersey au Clydebank ya Scotland. Iandike. Muulize mama au bibi aliinunua wapi, kwa shilingi ngapi, na nguo ya kwanza aliyoishona ilikuwa ya nani. Weka karatasi hiyo kwenye droo ya cherehani. Na fundi akija akikuambia anaweza kuipaka rangi ikawa mpya, mshukuru, mpe chai, umwambie hapana.